Binadamu hatoshi katika herufi nne



Imeingia majumbani mwetu lugha mpya ya kujieleza. Kijana akiulizwa kwa nini hakwenda kumpa mkono jirani aliyefiwa, hujibu kwamba yeye ni introvati. Binti akiacha kutandika kitanda chake wiki nzima, husema herufi yake ya mwisho ni P, na watu wa P hawapangiliki. Mume akilalamikiwa kwamba haongei na mkewe, hutoa simu mfukoni akaonyesha maelezo yasemayo kuwa watu wa aina yake ndivyo walivyoumbwa. Zamani mtu huyo angeambiwa ana kiburi, au ni mvivu, au amenuna. Leo ana cheti.

Tusidhani kwamba hili ni jambo la mzaha wa vijana peke yao. Madodoso ya hulka hutumika katika semina za maofisi, vyuoni, na katika makundi ya simu yanayowakutanisha wanaotafuta wenza. Nchini Korea Kusini mambo yamefika hadi baadhi ya waajiri kuwataka waombaji wa kazi wataje herufi zao. Nasi katika ukurasa huu tumeletewa maswali juu ya jambo hili zaidi ya mara moja, likiwemo la mama ambaye posa ya bintiye imekwama kwa sababu ya herufi hizo. Swali lake tutalifikia. Kwanza tujue kitu chenyewe ni kitu gani na kilitoka wapi, kwa kuwa dhana nyingi potofu zimeota hapohapo shinani.

Mwaka 1917, huko Marekani, mama mmoja aitwaye Katharine Cook Briggs aliletewa na binti yake Isabel kijana ambaye baadaye alikuja kumuoa. Kijana huyo, Clarence Myers, alimshangaza mama mkwe wake mtarajiwa, kwani namna yake ya kufikiri na ya kuamua mambo ilikuwa mbali sana na ile ya watu wa nyumba yake. Mama yule akaanza kusoma na kuandika juu ya aina za watu ili aielewe tofauti hiyo. Wasomaji wetu wenye wakwe watakubali kwamba ziko elimu zilizoanza kwa sababu dhaifu kuliko hiyo.

Mwaka 1921 daktari wa Uswisi, Carl Jung, alichapisha kitabu chake juu ya aina za nafsi, na mwaka 1923 kikatoka kwa Kiingereza. Bi Katharine alikisoma akaona kwamba kimempita mbali, akaacha mpango wake akaufuata wa Jung. Ni Jung aliyeyaeneza maneno yale mawili ya watu wanaoelekea ndani na watu wanaoelekea nje. Lakini Jung mwenyewe alionya kwamba hakuna mtu aliye wa upande mmoja mtupu, na alikuwa akiandika kutokana na uzoefu wake wa kutibu wagonjwa wala si kutokana na vipimo. Ilipofika Vita Kuu ya Pili, wanawake wengi wa Marekani waliingia viwandani kushika kazi zilizoachwa na wanaume, na Isabel akaona kwamba dodoso la kumwonyesha kila mtu kazi inayomfaa lingesaidia. Akalitunga. Jina lake ni Myers-Briggs Type Indicator, ambalo wengi hulifupisha kwa kusema MBTI. Mwaka 1962 taasisi moja ya mitihani ya Marekani ilikubali kulichapisha. Lina jozi nne za sifa, na katika kila jozi mtu huchagua upande mmoja, ndiyo maana zikapatikana aina 16 za watu, si 15 wala 17.

Mama huyo alikuwa amesomea kilimo, na bintiye alisomea sayansi ya siasa. Hakuna aliyekuwa mwanasaikolojia. Hatulisemi hili kwa dharau, maana wapo watu wasio na shahada waliogundua mambo makubwa, na bidii ya akina mama hao wawili ilikuwa ya miaka mingi. Tunalisema kwa sababu tumesikia watu wazima wakidai kwamba herufi hizi ni matokeo ya hospitali, kana kwamba mtu amepimwa damu. Dodoso la namna hii halipimi kitu ambacho hukukisema mwenyewe. Ukijibu mara ishirini kwamba unapenda kukaa peke yako kuliko kukaa na watu, mwishoni litakuambia kwamba wewe ni mtu anayependa kukaa peke yake. Ni kioo, na kioo kina faida yake, lakini hakuna aliyewahi kutoka mbele ya kioo akasema amefanyiwa uchunguzi. Tena mengi ya majaribio ya bure yanayozunguka kwenye simu si hata MBTI yenyewe, ambayo huuzwa. Ni maswali yaliyotungwa na watu wengine kwa kuiga.

Dhana iliyokita mizizi zaidi ni ile ya vyumba, yaani kwamba watu wamegawanyika makundi mawili yaliyotengana, wa ndani na wa nje, wa moyo na wa akili. Tuchukue mfano wa urefu. Tukiwasimamisha wanaume elfu moja uwanjani, tutakuta wachache wafupi mno, wachache warefu mno, na wengi wakiwa katikati. Sasa atokee mtu achore mstari kwenye sentimita 168, awaite walio juu ya mstari Warefu na walio chini yake Wafupi. Mwenye 167 na mwenye 169, ambao wakisimama bega kwa bega huwezi kuwatofautisha bila kipimo, watatiwa vyumba viwili. Na huyo wa 169 atatiwa chumba kimoja na jitu la sentimita 195. Hivyo ndivyo herufi zinavyofanya kazi. Watafiti wanapopima uchangamfu wa watu, huona mteremko ule ule wa uwanjani: wengi katikati, wachache pembeni. Pengo ambalo lingehalalisha ukuta kati ya chumba na chumba halionekani.

Hapo ndipo linapokuja tatizo la pili, ambalo kwa hakika ni mtoto wa la kwanza. Yule wa sentimita 167 akivaa makubadhi yenye soli nene anahamia chumba cha Warefu. Vivyo hivyo, mtu aliye karibu na mstari akijibu dodoso akiwa ametoka harusini atapata herufi moja, na akijibu akiwa ametoka kugombana na bosi wake atapata nyingine. Tafiti zilizowapa watu dodoso lilelile mara mbili, kwa kupisha wiki chache, zimekuta kwamba sehemu kubwa yao hawakurudia herufi zao zote nne. Kamati ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani ililichunguza jambo hili mwaka 1991 ikahitimisha kwamba hapakuwa na ushahidi wa kutosha wa kuhalalisha kutumia dodoso hilo katika kuwaongoza watu kuchagua kazi. Na wenye kuliuza dodoso wenyewe husema wazi kwamba halifai kutumiwa kuajiri wala kumkatalia mtu kazi. Mwajiri anayelitumia hivyo amewapita hata wenye mali.

Msomaji atauliza: mbona nilipojibu, maelezo yalinilenga mimi hasa, kana kwamba aliyeandika amekaa nyumbani kwangu? Swali hili lilishajibiwa zamani. Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 dodoso la hulka. Baada ya siku chache akamrudishia kila mmoja maelezo yake, akawataka wayape alama kuanzia sifuri hadi tano kwa jinsi yalivyowalenga. Wastani ulikuwa 4.26. Kisha akawafunulia kwamba wote walipewa karatasi moja, neno kwa neno, na kwamba sentensi zake nyingi alizitoa kwenye kitabu cha nyota kinachouzwa kwa wachuuzi wa magazeti. Ukimwambia mtu kwamba ana vipaji ambavyo hajavitumia, kwamba wakati mwingine anachangamka na wakati mwingine hujitenga, kwamba hujilaumu kuliko wengine wanavyomlaumu, nani atakataa? Wapiga ramli wetu wa pwani waliijua kazi hii kabla ya Forer, ila wao hawakuwafunulia wateja.

Wajapani nao wana yao. Tangu mwaka 1927, mwalimu mmoja wa huko, Furukawa Takeji, alipoandika kwamba hulka ya mtu inatokana na kundi lake la damu, na hasa baada ya mwandishi Nomi Masahiko kulifufua wazo hilo mwaka 1971, wapo watu nchini humo wanaoulizana A, B, O au AB kabla ya kuchumbiana. Utafiti haukuona uhusiano wowote wa maana. Sisi Waswahili tunasema watu fulani damu zao zimepatana, na fulani ana damu ya kunguni, lakini angalau hatukumtuma mtu maabara.

Tuje sasa kwenye neno introvati, kwa kuwa ndilo linaloleta madhara zaidi majumbani. Wengi hulitumia kwa maana ya mtu mkimya, au mwenye haya, au asiyependa watu. Lugha yetu ni tajiri kuliko neno hilo, na inafaa tuutumie utajiri huo. Mtu wa faragha ni yule ambaye kelele na mkusanyiko humchosha mapema, akahitaji saa za utulivu. Huyu anaweza kuwa mzungumzaji mzuri, hata hatibu. Mwenye haya ni mwingine. Haya ni sifa njema ya nafsi inayomzuia mtu na lisilofaa, wala haimzuii na wajibu: Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.) alikuwa mashuhuri kwa haya, naye alikuwa mfanyabiashara mkubwa na akaongoza dola. Kisha yuko mwoga wa watu. Huyu anatamani kuwa nao, lakini akiitwa asimame darasani moyo humwenda mbio, viganja hulowa jasho, na sauti haitoki. Yeye hachoshwi na watu. Anaogopa hukumu yao.

Hofu ya namna hii, inapozidi, ni maradhi yanayofahamika, mara nyingi huanza katika umri wa kubalehe, na yana tiba. Sasa chukueni binti wa miaka 14 ambaye ameacha kuinua mkono darasani, anakula peke yake wakati wa mapumziko, na siku ya kuhifadhisha madrasa anasingizia tumbo. Wazazi wake wakisema, huyu ni introvati, ndivyo alivyo, wamefunga mlango ambao mtoto alikuwa akiugonga. Na kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Kijana aliyekuwa akicheza mpira na wenzake kila jioni, kisha katika muda wa mwezi mmoja akajifungia chumbani, hali vizuri, halali vizuri, na alichokipenda hakipendi tena, huyo hajagundua hulka yake. Hulka ya mtu haigeuki kwa mwezi mmoja. Apelekwe kwa daktari, na mzazi asiridhike na jawabu la herufi hata kama kijana mwenyewe ndiye anayelitoa. Katika yote tunayoyaandika leo, hili ndilo ambalo tungependa mzazi alikate alibandike ukutani.

Dhana nyingine ni kwamba ukishaijua aina ya mtu, umejua atakavyotenda. Historia yetu ina mfano unaotosha. Ukimuuliza Mwislamu yeyote amweleze Sayyidna Abu Bakr (r.a.), atasema alikuwa mpole, mwenye moyo laini, mwepesi wa machozi. Ukimuuliza juu ya Sayyidna Umar (r.a.), atasema alikuwa mkali, imara. Lau zingekuwako herufi zama zile, kila mmoja angepewa zake na zisingefanana. Lakini tazama siku ile Mtume (s.a.w.) alipofariki. Aliyetikisika, akasimama mbele ya watu akikataa kwamba Mtume amekufa, ni Umar mkali. Aliyeingia, akahakikisha, akatoka akawatuliza watu kwa sauti thabiti, ni Abu Bakr mpole. Na muda mfupi baadaye, makabila yalipokataa kutoa zaka, Umar ndiye aliyesita kuwapiga vita, na Abu Bakr ndiye aliyesimama kama jiwe. Sifa ambazo watu walizijua kwao hazikuwa za uongo. Zilikuwa kweli, ila hazikuwa ukweli wote, maana hali ile ilidai kitu kingine na wao wakakitoa. Wanasaikolojia waligombana sana juu ya suala hilihili tangu mwaka 1968, Walter Mischel alipoandika kwamba tendo la mtu hutegemea mno hali aliyomo, na kwamba sifa zake za jumla hutabiri kidogo kuliko watu wanavyodhani. Ugomvi ule umetulia mahali pa kati: tabia ya jumla ipo, na nguvu ya hali ipo.

Basi, je, hulka ni uzushi mtupu? La. Tungekuwa tumetoka kwenye dhana moja potofu tukatumbukia kwenye nyingine. Mzazi yeyote wa watoto wawili anajua kwamba walitofautiana kabla hawajajua kutembea. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba kati ya asilimia 40 na 50 ya tofauti za hulka baina ya watu zinahusiana na kurithi. Hapa napo watu huteleza. Haina maana kwamba asilimia 40 ya uchangamfu wako imetoka kwa baba na iliyobaki ukaiokota njiani. Hesabu hiyo ni ya tofauti katika kundi la watu, si ya mtu mmoja. Watafiti wa leo wengi hutumia vipimo vitano: uchangamfu kwa watu, upole katika kupatana, uangalifu wa wajibu, kupenda mambo mapya, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Hivi havimtii mtu chumbani. Vinamweka mahali kwenye mstari. Na wamekuta kwamba mahali hapo husogea. Kwa wastani, watu kuanzia ujana hadi umri wa makamo huzidi kuwa waangalifu wa wajibu na kuwa wapole, na wasiwasi wao hupungua. Anayejifunga na herufi alizozipata akiwa na miaka 19 anavaa shati la shule akiwa mtu mzima.

Maulamaa wetu waliujadili mjadala huu mapema. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alimsifu mtu wa kabila la Abdul Qays, aliyejulikana kwa jina la Ashajj, kwa sifa mbili, upole na utaratibu. Yule mtu akauliza kama amezichuma mwenyewe au ameumbwa nazo, akajibiwa kwamba ameumbwa nazo. Imepokewa pia kwamba elimu huja kwa kujifunza, na upole huja kwa kujizoesha upole. Ukizisoma mbili hizi pamoja huoni mgongano: wako waliopewa kitu bure, na wako watakaokipata kwa jasho. Naye Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika sehemu ya Ihya inayohusu kuizoeza nafsi, aliwajibu waziwazi watu wa zama zake waliodai kwamba tabia haibadiliki kama vile mfupi hawezi kujirefusha. Hoja yake ilikuwa nyepesi: lau tabia isingebadilika, mawaidha na malezi yote yangekuwa upuuzi, na hali mnyama mwenyewe hubadilika, kipanga akafugika na farasi akatii hatamu. Akatoa mfano wa kokwa ya tende. Kokwa si mtende, wala si mti wa tufaha. Ukiitunza itakuwa mtende, na hata uitunze vipi haitakuwa mtufaha. Wala hakudai kwamba hasira inaweza kung'olewa na mizizi yake. Alidai kwamba inaweza kuongozwa. Sisi tumesoma maelezo mengi ya kisasa juu ya kurithi na malezi, na hatukukuta mfano ulio bora kuliko kokwa hiyo.

Na kwa kuwa ukurasa huu ni wa familia, tusiishie kuwalaumu vijana na simu zao. Vibandiko vya kwanza mtoto havipati kwenye simu. Huvipata jikoni. Huyu ndiye mwerevu wa nyumba, huyu mzito, huyu ana mdomo kama shangazi yake, huyu tumwache hajiwezi. Suratul Hujurat, aya ya 11, inakataza kuitana kwa lakabu mbaya, na sisi huisoma tukiwafikiria watu wa mtaani, tukamsahau aliye mezani petu. Kuanzia mwaka 1956 huko New York, madaktari wawili, Alexander Thomas na mkewe Stella Chess, waliwafuatilia watoto tangu uchanga wao kwa miaka mingi. Waliona makundi matatu: watoto wepesi kuwalea walikuwa asilimia 40, wagumu asilimia 10, na wanaochelewa kuzoea asilimia 15. Waandishi wengi huyataja makundi hayo matatu wakaishia hapo. Jumlisheni wenyewe. Asilimia 35 iliyobaki haikuingia kundi lolote. Na jambo walilolisisitiza wenyewe halikuwa makundi, bali kuoana kwa hulka ya mtoto na namna anavyolelewa. Mtoto anayechelewa kuzoea, akipewa muda wa kusimama mlangoni mwa madrasa siku mbili tatu akiwaangalia wenzake, ataingia mwenyewe. Akisukumwa kwa fimbo siku ya kwanza atalia mwezi mzima, kisha ataitwa mkaidi, na mkaidi atakuwa.

Sasa swali la mama yetu. Ameeleza kwamba kijana wa watu, mwenye kazi yake na mwenye sifa njema msikitini, alimtaka binti ajibu dodoso la simu kabla ya barua ya posa kuletwa. Binti alijibu usiku, akiwa amechoka na shughuli za msiba. Kijana akasoma mahali kwamba aina yake na aina ya binti hazioani, na barua ya posa haijaletwa hadi leo. Mama anauliza kama binti ajibu upya, safari hii kwa kuangalia majibu yanayotakiwa.

Asijibu upya kwa njia hiyo. Akifanya hivyo, kijana atakuwa ameposa mtu asiyekuwepo, na madai ya kudanganywa yataanza mwezi wa kwanza wa ndoa. Hakuna ushahidi wa kutegemewa kwamba herufi fulani zikikutana na fulani ndoa hudumu. Jedwali za kuoanisha herufi zinazosambazwa ni ndugu wa zile jedwali za nyota. Kama kuna sifa ya hulka ambayo tafiti za ndoa zimeikuta mara kwa mara ikiandamana na kutoridhika, ni ule wepesi wa kuingiwa na wasiwasi, hasira na huzuni, awe nao mume au mke. Na dodoso la herufi nne, kwa jinsi lilivyotungwa, halina swali juu ya hilo. Kijana amekagua rangi ya nyumba asiangalie paa.

Imesimuliwa kwamba mtu mmoja alimsifia mwingine mbele ya Sayyidna Umar (r.a.), naye akamuuliza mambo matatu: je, wewe ni jirani yake, unayemjua aingiavyo na atokavyo? Je, umewahi kufanya naye muamala wa fedha? Je, umewahi kusafiri naye? Yule mtu alipojibu hapana kwa yote, akaambiwa hamjui. Yatazame maswali hayo kwa macho ya yale tuliyoyasema juu ya tendo na hali. Hayaulizi mtu ni wa aina gani. Yanauliza ametenda nini katika hali tatu zinazobana: nyumbani ambako haonekani na watu wengi, kwenye fedha, na kwenye uchovu wa njia.

Kwa hiyo mama atume mjumbe mwenye busara kwa wazee wa kijana, aseme waziwazi kwamba binti wao hatajibu dodoso jingine, na kwamba nyumba iko wazi kwa maswali. Waje wawaulize majirani, waulize madrasa alikosoma, waulize alikofanyia kazi. Binti naye ana haki hiyohiyo juu ya kijana, na mama asione haya kuitumia kwa niaba yake. Aulize anavyosema na mama yake akiwa na njaa. Aulize kama wadogo zake humkimbilia au humkimbia anaporudi jioni. Amtafute mtu aliyewahi kumkopesha, amuulize zilirudi lini, na zilirudi baada ya kudaiwa mara ngapi.